Muhogo Mchungu na Muhogo wa Chungu

Siku ya kwanza nilipoingia maabara ya chuo nikiwa mwanafunzi, vijana wawili waliokuwa wakiosha vichupa kwenye karo walisimama wima wakaniita sir. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, kalamu tatu kwenye mfuko wa shati na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Niliitikia salamu yao kama mhadhiri anavyoitikia, na sikuwasahihisha. Waligundua wenyewe wiki iliyofuata, tulipokaa pamoja kwenye jaribio la kemia, nikapata alama chache kuliko wote wawili.

Kabla ya hapo niliuza pembejeo kwa miaka ishirini katika duka moja mjini Busia, upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka mpakani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasomea wakulima lebo za dawa: changanya kiasi hiki, subiri siku hizi, usile wala kuvuta sigara unaponyunyiza. Huko kwenye lebo ndiko nilikoanzia kemia. Vitabu nilivinunua upande wa Kenya, kwa mchuuzi aliyevitandaza juu ya gunia, na siku moja nikapata kwake pia kitabu cha sarufi ya Kiswahili kisicho na jalada. Kitabu hicho kiliniharibu. Kwetu Kiswahili ni cha biashara. Mtu hukisema apate anachotaka aende zake, na viambishi huachwa njiani. Baada ya kujifunza ngeli peke yangu, kwa daftari na rula, sikuweza tena kumsikia mkulima akiomba "ile dawa mzuri" bila kuumia. Wateja wangu walikuwa wakiondoka na dawa pamoja na somo. Baadhi yao walihamia duka la pili.

Nilifanya mitihani ya shule nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli, nikarudia, na hatimaye nikapokelewa chuoni, mjini Tororo. Nilipanga chumba Rubongi, karibu na kambi ya jeshi, na mke wangu akabaki Busia akiangalia nyumba na shamba. Alisema nikasome tu, labda huko nitapata watu wanaopenda kusahihishwa.

Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi wa sayansi lazima afanye utafiti maabara na kuandika ripoti. Vifaa ni vichache, kwa hiyo tuligawanywa wawiliwawili: jaribio moja, ripoti mbili. Mimi niliwekwa na binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Kiyeyi, Mjopadhola, mwepesi wa mikono na wa maneno. Alikuwa ameahidiwa kazi katika maabara ya kupima maji, kwa sharti moja: awe amehitimu mwaka huo. Asipohitimu, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Aliniambia hayo siku ya kwanza, bila kuulizwa, ili nijue kazi ninayoishika imebeba riziki ya nani. Aliniita mzee. Mimi nilimwita mwenzangu, nikiamini kwamba neno hilo linaonyesha unyenyekevu.

Msimamizi wetu alikuwa daktari wa kemia, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mzaliwa wa Busia ya upande wa pili. Kazi zote za chuo zilikuwa za Kiingereza, lakini kwa kuwa mimi ni Msamia, mwenzangu Mjopadhola na daktari anatoka Kenya, tukiwa watatu tuliongea Kiswahili. Kila mmoja aliongea cha kwake.

Swali letu lilikuwa rahisi. Muhogo mchungu una sumu, ile iitwayo sianidi, na watu wa kwetu huimenya mizizi, huiloweka kwenye chungu cha maji siku tatu, kisha huianika na kuisaga. Tulitaka kupima kuloweka huko kunaondoa sumu kiasi gani, tukilinganisha na muhogo ulioanikwa juani bila kulowekwa. Shangazi yangu wa Masaba alitupa mizizi, akatuonya kwamba yote ni michungu. Alituuliza tunatafuta kujua nini, nikamweleza hatua kwa hatua. Akasema yeye analijua jambo hilo tayari, lakini kama chuo nacho kinataka kulijua, si vibaya.

Mwenzangu alipendekeza mifuko ya unga ipewe namba, moja na mbili. Nilikataa. Nilisema namba haisemi kitu, na mtu akiisahau maana yake kazi yote imepotea. Lebo nzuri inajieleza. Nikaandaa lebo mbili za Kiswahili kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu, na rula. Unga wa muhogo mchungu ulioanikwa tu ulikuwa na lebo MCHUNGU. Unga wa muhogo uliolowekwa kwenye chungu ulikuwa na lebo CHUNGU. Nilizitazama nikaridhika. Tofauti ilikuwa herufi moja, lakini kwa mtu anayejua upatanisho wa kisarufi herufi hiyo ilitosha kabisa. Kitu kinachohusu muhogo hakiwezi kuwa "chungu" kwa maana ya ukali. Lazima kiwe "mchungu". Basi "chungu" bila M kingekuwa nini kama si chombo?

Nilimpa mwenzangu lebo azibandike unga utakapotoka kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na mtihani. Alizigeuzageuza, akaniuliza: "Mzee, hii M ni ya nini?"

Nilikaa chini nikamweleza. Sitayarudia yote hapa. Baadaye nilitamani nisingeyasema hata mara moja.

Kipimo chenyewe kinavutia kukitazama. Unatia unga kidogo kwenye kichupa pamoja na maji yaliyoandaliwa, unaning'iniza ndani yake kipande cha karatasi ya njano, unafunga kifuniko na kuacha hadi kesho yake. Sumu inayotoka kwenye unga hubadilisha rangi ya karatasi. Ikibaki njano, sumu ni kidogo. Ikigeuka kahawia, sumu ni nyingi. Asubuhi tulipofungua, karatasi za vichupa vya MCHUNGU zilikuwa njano kama tulivyoziacha. Za CHUNGU zilikuwa kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Mtu mwingine angesema tumekosea mahali. Mimi nilirudia kipimo mara tatu, nikapata jibu lilelile mara tatu, na nikasema nimegundua jambo. Kuloweka muhogo kunaongeza sumu. Nilikuwa nimevaa barakoa muda wote huo, kwa kufuata kanuni za usalama ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezichapa na kuzibandika ukutani, kwa hiyo sikuwahi kunusa unga hata mmoja. Niliandika kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi iliyoanza, nikiitafsiri, "Matokeo haya yanapindua". Wikiendi hiyo nilikwenda Busia nikamweleza mke wangu, huku tukila ugali wa muhogo uliolowekwa, kwamba kuanzia sasa aache kuloweka. Alitafuna, akameza, akaniangalia.

"Basi sisi ni maiti," akasema. "Pitisha mboga."

Daktari alituita siku mbili baada ya kupokea ripoti yangu. Ya mwenzangu alikuwa nayo pia. Ilikuwa na kurasa tano na ilikiri kwamba matokeo hayaeleweki. Kwenye sentensi yangu ya kwanza daktari alikuwa ameandika kwa penseli: yanapindua nini? Hakuniuliza kwa sauti. Alisema aletewe mifuko. Akaufungua wenye lebo CHUNGU, akaingiza pua, akavuta pumzi. Akaufunga. Akafungua wa pili, akanusa, akakunja uso.

Unga wa muhogo uliokaa majini siku tatu hunuka uchachu. Kila mtu aliyewahi kupita mbele ya nyumba inayoanika muhogo anaijua harufu hiyo. Niliijua tangu utoto, nami nilikuwa nimekaa nayo mwezi mzima nikiwa na kitambaa puani.

"Huu wenye M ndio uliolowekwa," daktari alisema. "Lebo zimebadilishana. Nani alibandika?"

"Yeye," nikasema.

Jibu lilinitoka haraka, na lilikuwa sahihi. Nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo na sijapata kosa lolote ndani yake. Alibandika yeye. Mimi nilikuwa kwenye mtihani. Mwenzangu aliangalia mikono yake. Daktari alisema, kwa utaratibu, kwamba kuchanganya sampuli si kosa dogo, kwamba mtu anayekwenda kupima maji ya kunywa ya watu hawezi kuwa na mkono wa namna hiyo, na kwamba itabidi afikirie kama anaweza kusaini ripoti ya mwenzangu mwaka huu. Yangu, akasema, ningeweza kuiandika upya. Majina ya wahitimu yangepelekwa baada ya siku kumi na moja.

Jioni nilikaa chumbani kwangu Rubongi nikafungua daftari la maabara. Nataka kuwa mkweli kuhusu nia yangu. Nilikuwa natafuta ushahidi. Ninaandika kila kitu kwenye daftari langu: saa, hali ya hewa, nani alisema nini. Nilitaka kuonyesha kwamba lebo ziliandaliwa vizuri, kwamba maelekezo yalitolewa, na kwamba kosa lina mwenyewe. Niliupata ukurasa. Ulikuwa na mistari mitatu, kwa mwandiko wangu mzuri:

Ameuliza M ni ya nini. Nimemweleza kwa kirefu, dakika ishirini na tano. Ameelewa.

Niliusoma nikijaribu kukumbuka katika dakika zile nilisema nini. Nilikumbuka nikieleza ngeli ya kwanza na ya pili. Nilikumbuka nikitoa mifano, na nikichora jedwali. Sikukumbuka popote nikisema: hii ni ya mfuko huu, hii ni ya ule. Niliwaza pia kwamba daftari ni langu peke yangu, na hakuna aliyelisoma. Ukurasa mmoja ungeweza kutoka. Lakini kurasa zote nilikuwa nimezipa namba mwenyewe siku niliyolinunua, kwa wino usiofutika, ili pasitokee mtu wa kuchana ukurasa. Sijui kama ingekuwa vingine bila zile namba. Ningependa kusema hapana.

Asubuhi nilimkuta mwenzangu peke yake maabara, akiosha vichupa vyetu. Hakugeuka.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," nikasema. "Ile M uliichukua kuwa nini?"

"Maji."

"Maji?"

"Mzee, muhogo yote iko chungu. Si shangazi yako alisema? Yote chungu. Moja imekaa kwa maji, moja hapana. Hii moja umeandika chungu, hii ingine umeweka M. Sasa M ni nini kama si maji?" Aliweka kichupa chini kwa nguvu kidogo. "Na mimi nilikuuliza. Mimi nauliza M ni ya nini, wewe unaniambia watu, miti, mito, mizigo. Nikasikia mito. Nikasema, sawa, mzee anazunguka lakini amefika kwa maji."

Nilikuwa nimetaja mito. Ni mfano wa kawaida wa ngeli hiyo. Ulikuwa kwenye jedwali.

Nikamuuliza mbona jana hakusema hivyo mbele ya daktari. Sasa aligeuka.

"Ningesema nini? Jana umeniuza kwa neno moja. Wewe mzee, yeye daktari, nyinyi mnaongea ile Kiswahili yenu ya kitabu. Mimi nikifungua mdomo mtanisahihisha."

Nilisimama pale nikiwa na daftari kwapani. Hoja yake kuhusu muhogo ilikuwa imenifikia polepole, na kwa uchungu zaidi kuliko ile ya kuuzwa. Mizizi yote ilitoka shamba moja la shangazi, mbegu moja. Muhogo wa chungu ulikuwa mchungu nao. Lebo yangu yenye kujieleza ilikuwa sahihi kwa mifuko yote miwili.

Tulikwenda kwa daktari pamoja. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku, lakini nilipofika mlangoni niliyaona kuwa marefu mno.

"Daktari, nimekuja kurekebisha jibu langu la jana," nikasema. "Uliuliza nani alibandika lebo, nikasema yeye. Alibandika kama zilivyoandikwa. Aliyeandika ni mimi, na alipouliza maana yake sikumwambia."

Nikamfungulia daftari. Alisoma ile mistari mitatu, kisha akaisoma tena kwa sauti.

"'Nimemweleza kwa kirefu.' Na katika hizo dakika ishirini na tano, uliwahi kumwonyesha mfuko?"

"Hapana."

"Ulimweleza nini?"

"Ngeli."

Daktari alivua miwani akaiweka mezani. Alimwangalia mwenzangu, na mwenzangu akaangalia dirisha, ambako mwamba wa Tororo ulikuwa umejaa kioo chote. Nadhani walikuwa wanajizuia, kila mmoja kwa njia yake. Kisha daktari akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimeshalijua tangu asubuhi, kwamba muhogo wote huo ni mchungu, nikasema ndiyo. Akasema kwamba neno chungu pia maana yake ni rundo, na kwamba huku kwetu wako wanaorundika muhogo badala ya kuuloweka, kwa hiyo hata mtu aliyesoma ngeli zote angeweza kupotea. Nikasema ndiyo. Akasema pia ni wale wadudu. Hapo mwenzangu akacheka, akajifunika mdomo.

Nilipendekeza tugeuze tu lebo na kuandika upya hitimisho, maana vipimo vyenyewe vilikuwa sawa. Daktari alikataa. Alisema hawezi kusaini matokeo yaliyogeuzwa kwa mdomo, hata kama yamegeuzwa na watu waaminifu, na kwa yaliyotokea jana hakuwa na hakika na mmoja wao. Kama tunataka kuingia kwenye orodha, wote wawili, tuanze upya kutoka kumenya. Siku kumi zilibaki. Na akaweka sharti: mimi nisiguse lebo.

Siku tatu za kuloweka, tatu za kuanika, moja ya kusaga, mbili za kupima. Ilibaki siku moja ya kuandika, na mvua ilinyesha siku ya pili ya kuanika. Tuliingiza sinia zetu mbili mbio, na daktari akaturuhusu kumalizia kukausha kwenye tanuri la maabara, sinia zote mbili kwa muda mmoja, ili tusibadilishe hali ya sinia moja bila nyingine. Mwenzangu aliandika kwenye mifuko moja na mbili. Kisha, akiniangalia, akachora kwenye mmoja duara lenye mawimbi ndani yake na kwenye mwingine jua. Nilishika daftari. Sikuvaa barakoa wakati wa kufungua mifuko. Nilinusa yote miwili, nikaandika nilichonusa.

Karatasi za unga uliolowekwa zilibaki njano. Za unga ulioanikwa tu ziligeuka kahawia. Hatukupindua kitu chochote. Ripoti yangu ya pili ilikuwa na kurasa sita, na moja kati ya hizo, kwa agizo la daktari, ilieleza jinsi jaribio la kwanza lilivyoharibika na nani aliliharibu. Kwenye utetezi wa ripoti mbele ya jopo, asubuhi ya siku ya kupeleka majina, mwanajopo mmoja aliniomba niufafanue ukurasa huo. Nilianza, nikaona nimefika kwenye mito, nikasema kwa ufupi kwamba lebo haikueleweka na kosa lilikuwa langu. Mwenzangu aliulizwa maswali manne ya kemia akajibu yote manne. Daktari alisaini ripoti yake kwanza.

Orodha ya wahitimu ilibandikwa alasiri kwenye ubao wa ukumbi mkuu. Majina yetu yote mawili yalikuwapo, lake juu ya langu kwa alama, mbali kidogo juu. Alilitafuta langu kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa nahangaika na uzi wa miwani, akalionyesha kwa kidole. Kisha akasogea hatua chache kwenye kibaraza, akapiga simu nyumbani Kiyeyi, akaongea Kidhopadhola kwa haraka na kwa muda mrefu. Mimi sikijui Kidhopadhola. Katika maneno yote yale nilielewa moja tu, mzee, alilolitaja mara tatu. Mara ya tatu akacheka hadi akainama, na aliyekuwa kwenye simu alicheka pia, nikamsikia kutoka pale niliposimama.